Mbegu mpya na mkulima anayesita: maswali yenu na majibu yetu

Toleo lililopita tuliomba mtuandikie kuhusu mbegu mpya: mlizozipanda, mlizozikataa, na zile mlizoziweka darini mkingoja kuona. Barua zimekuja kutoka Kilosa hadi Sengerema. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake zimo karibu zote zilizobaki.

Mimi ni afisa ugani katika kata moja ya Kilosa. Nilipewa mbegu mpya ya mahindi niigawe bure kwa majaribio. Mkutanoni watu wote waliitikia na kupiga makofi. Nilipopita mashambani, kati ya kaya thelathini, saba tu ndizo zilizopanda. Kwa wengine pakiti bado zinaning'inia darini. Nikiuliza naambiwa, "Tunangoja kwanza." Nifanyeje ili waache ukaidi?

Ndugu yetu, neno ukaidi liondoe kwanza kwenye daftari lako. Anayesema "tunangoja kwanza" ana ekari mbili na midomo saba ya kulisha. Mbegu yake ya zamani anaijua tabia: mwaka wa mvua haba itampa gunia tatu, lakini haitamtupa kabisa. Ya kwako anajua tu ulichomwambia mkutanoni. Ikishindwa, mshahara wako utaingia mwisho wa mwezi kama kawaida, na yeye kuanzia Novemba atakuwa ananunua unga kwa kisado. Kungoja kwake ni hesabu. Basi mpelekee hesabu.

Anza na yale ambayo pakiti haiyasemi. Pakiti inataja siku za kukomaa na gunia kwa ekari. Mama mwenye jiko ana maswali mengine, na mara nyingi hakuulizwa kwa sababu mkutanoni alikaa nyuma.

Swali lake la kwanza ni ghala. Ingia shambani mahindi yakiwa yamekauka kwenye bua, ukague ncha za mahindi ishirini ya kienyeji na ishirini ya mbegu mpya. Ya kienyeji maganda yamefunika mpaka juu na kukaza, ukiyabana kwa vidole hayafunguki. Katika aina mpya nyingi utakuta ncha ziko wazi, punje mbili tatu zinachungulia. Mlango wa fukusi ni huo, tena anaingia kabla hujavuna, na maji ya mvua za mwisho yanapitia hapohapo na kuleta ukungu. Kisha kuna dumuzi, yule ambaye wazee bado wanamwita Scania tangu alipoonekana Tabora. Hindi lenye punje laini analigeuza vumbi katika miezi michache. Ukileta mbegu yenye ncha wazi bila kuzungumzia mifuko isiyopitisha hewa, umeleta nusu ya shughuli.

La pili ni kinu na mashine. Punje ngumu inayong'aa kama kioo ikikobolewa huacha pumba kidogo na sembe nyingi. Punje laini yenye kibonyeo kichwani huvunjika wakati wa kukoboa, na sehemu kubwa huondoka na pumba. Gunia mbili za ziada shambani zinaweza kuishia kwenye banda la kuku. Malawi walilipitia hili: wakulima walizikwepa mbegu chotara zenye punje laini kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1990 zilipotolewa MH17 na MH18 zenye punje ngumu kama za kienyeji.

La tatu ni jirani. Mbegu inayowahi wiki tatu inasifiwa sana kwenye semina. Lakini shamba moja likiwahi peke yake kijiji kizima, ngedere, ndege na wezi wa mahindi mabichi wote wanahamia pale. Tena likikauka mvua ikiwa bado inanyesha, mahindi yanaota yakiwa kwenye bua. Mbegu ya kuwahi ipandwe na kaya kadhaa zinazopakana, au mwenyewe achelewe kuipanda kwa makusudi ili ikauke pamoja na za wenzake.

Sasa jaribio lenyewe. Usimpe mkulima wa mfano. Yeye ana samadi, ana pampu, na majirani husema kwake hata jiwe lingeota. Chagua kaya nne au tano za kawaida, angalau mbili zenye ardhi iliyochoka. Kila moja itenge vipande vinne vya mita 10 kwa 10, vyote kwenye ardhi ya aina moja, visiwe kimoja bondeni na kingine juu:

– mbegu ya zamani bila mbolea
– mbegu ya zamani na mbolea
– mbegu mpya bila mbolea
– mbegu mpya na mbolea

Watu wengi huacha vile vipande viwili visivyo na mbolea, wakati swali kubwa la mkulima ndilo hilo: "Nikikosa hela ya mbolea itakuwaje?" Vyote vipandwe siku moja na mikono ileile. Mistari iachane sentimita 75, shimo hadi shimo 60, punje mbili kila shimo. Kipande kimoja kinaingia mistari 13 yenye mashimo 17, na robo kilo ya mbegu inatosha pamoja na akiba ya kurudishia. Kwa vipande vya mbolea, kizibo kimoja cha soda cha DAP, mbolea ya kupandia, kwa shimo, kifunikwe kwa udongo kidogo ili mbegu isiungue. Hiyo ni kilo moja na robo kwa kipande, sawa na mfuko wa kilo 50 kwa ekari. Zungushia kila kipande mstari wa nje usiohesabiwa, maana mimea ya pembeni hupata jua zaidi na kudanganya mizani.

Ukivuna, anika mpaka punje zikauke kweli. Tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado kuna unyevu. Zikiwa kavu pima kilo, zidisha kwa 40, na hapo unayo ekari. Kipande kilichotoa kilo 32 ni sawa na karibu gunia 13 za kilo mia. Andika namba hizo kwenye ubao pale shuleni au ofisi ya kijiji, pamoja na za vipande vilivyoshindwa.

Usiishie hapo. Koboa kilo kumi za kila aina, pima sembe iliyotoka, kisha songa ugali wa sufuria mbili, maji sawa, moto sawa, bila walaji kujua upi ni upi. Kila mmoja aweke punje moja ya hindi kwenye bakuli la ugali alioupenda, akina mama mabakuli yao na akina baba yao. Mara nyingi mabakuli hayafanani, na tofauti hiyo itakueleza kwa nini pakiti ziko darini.

Tena usidhani watu hawa wanachukia kipya. Babati walikuwa wanapoteza mbaazi kwa mnyauko, wakapokea aina ya ICEAP 00040, iliyopewa jina la Mali, kwa sababu inastahimili mnyauko na punje zake kubwa nyeupe zinapendwa na wanunuzi wa soko la India. Mbegu ilijibu ugonjwa waliouona kwa macho na ikaja na mnunuzi.

Niko Mbozi. Mwaka juzi nilipanda mahindi chotara nikapata gunia 20 kwa ekari. Mwaka jana nikachagua mahindi makubwa kuliko yote, nikayapanda kwa mbolea ileile, nikapata 13. Mengine marefu, mengine mafupi. Watu wanasema kampuni huzifunga mbegu ili turudi dukani. Ni kweli au nimeuziwa feki?

Hukuuziwa feki, wala hakuna aliyeifunga. Mbegu chotara ni mtoto wa wazazi wawili ambao kila mmoja amezalishwa peke yake kwa vizazi vingi mpaka akawa wa aina moja kabisa. Wakikutanishwa, watoto wote wanafanana na wana nguvu kuliko wazazi. Watoto hao wakichavushana wenyewe kwa wenyewe shambani kwako, tabia za mababu zinatawanyika: huyu anachukua urefu, yule ufupi, mwingine udhaifu kwa magonjwa. Kuchagua hindi kubwa hakusaidii, kwa sababu ukubwa wa hindi la chotara hauendi wote kwa watoto wake. Kupungua kwa theluthi, kama ilivyokutokea, si ajabu.

Piga hesabu hivi: gunia saba ulizozikosa zina thamani gani sokoni kwenu, na kilo 10 za mbegu za ekari moja ni bei gani dukani? Kama kila mwaka unaweza kununua, nunua. Kama kuna miaka huwezi, usibahatishe kwa chotara ya kurudia. Tafuta aina iliyoboreshwa inayochavushana kwa uhuru. Kwenye maeneo ya chini zipo za tangu miaka ya 1980, kama Staha na TMV-1, ambazo pia zinastahimili ugonjwa wa milia. Kwa mwinuko wenu wa Mbozi, ulizeni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole ipi inafaa. Hizi unaweza kuweka mbegu yako hadi misimu mitatu, ukifuata masharti mawili. Kwanza, shamba la mbegu liwe mbali na mahindi mengine, mita 200 hivi, au lipishane nayo wiki nne za kupanda. Pili, chagua mimea ikiwa bado imesimama, katikati ya shamba, mia moja na zaidi, isiyo na ugonjwa, yenye hindi lililofunikwa vizuri na kukaa usawa wa kiuno. Anayechagua kwenye lundo nyumbani huchukua hindi kubwa bila kujua lilikua pembeni ya zizi.

Maharage ni habari nyingine. Yanajichavusha yenyewe, kwa hiyo ukiweka mbegu safi isiyo na madoa unaendelea nayo misimu mitatu hivi bila kupoteza aina. Kinachokulazimisha kubadilisha ni magonjwa yanayosafiri ndani ya mbegu.

Kuhusu feki, zipo, na dalili zake ni tofauti na zako: haioti, au inaota kwa mapengo. Kabla ya kupanda chukua punje 100, zipange kumi kumi kwenye kitambaa kibichi, kunja, weka kivulini, nyunyizia maji kila siku. Siku ya saba hesabu. Zikifika 90, panda kwa amani. Zikiwa 80, ongeza mbegu. Chini ya hapo rudi dukani na pakiti, lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na risiti. Usinunue mbegu ya kupimiwa kwa kikombe kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa, hata kama ina rangi. Rangi mtu yeyote anaweza kuipaka. Na zikibaki, zisiliwe wala zisipewe kuku, kwa sababu zina dawa.

Wanangu wa gazeti, mimi ni bibi wa Mkuranga. Nimelima Kiroba miaka mingi. Unachemka upesi, unaliwa hata mkavu, sokoni wananijua kwa huo. Kijana wa mradi ananiambia niung'oe wote nichome, nipande wa kwao. Nichome?

Shikamoo bibi. Usichome kabla ya kukata.

Vuna mashina kumi kutoka sehemu mbalimbali za shamba. Kila muhogo ukate vipande vitano kwa kisu, kama unavyokata wa kukaanga, na utazame ndani. Ukiona madoa ya kahawia au manjano, makavu na magumu kama kizibo, huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia. Ni ugonjwa wa siku nyingi, ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 na mtafiti wa kituo cha Amani kule Tanga. Kwa nje unadanganya sana: shina linaweza kuwa zuri, majani ya juu mabichi kabisa, na chini mzigo wote umeoza. Tazama pia majani ya chini kama yana manjano kandokando ya mishipa, na shina bichi kama lina mistari ya kahawia.

Kiroba yako ni mvumilivu. Majani yake huonyesha dalili na bado mizizi ikabaki mizuri, na ndiyo sababu imedumu Pwani. Kama katika mashina kumi hayo mawili matatu tu yana madoa, weka alama mashina yaliyo safi, pingili uchukue huko tu, na uvune ukifikisha miezi tisa au kumi shambani. Muhogo wenye ugonjwa ukikaa ardhini mwaka na nusu, madoa yanaenea. Kama zaidi ya nusu yana madoa, hapo kijana ana haki. Ng'oa, uanze upya.

Hiyo mpya ipande, lakini kipande kidogo kwanza. Kuna Chereko, Kipusa na Mkuranga 1 zilizotolewa kwa ajili ya magonjwa haya. Omba kabla ya kupokea mbegu uonyeshwe mizizi iliyokatwa ya shamba zilikotoka. Pingili iwe ya katikati ya shina lililokomaa, sentimita 20 hadi 30, yenye macho matano hadi saba. Panda mita moja kwa moja. Usiiweke ubavuni mwa Kiroba yenye ugonjwa, kwa kuwa inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani wataubeba ugonjwa upande wa pili. Miezi mitatu ya kwanza pita kila wiki, shina lenye dalili ling'oe palepale.

Mwaka ukifika, chemsha vyote viwili siku moja, upeleke sokoni mafungu mawili. Wateja wako wakiurudia mpya, panua. Wasipourudia, endelea na Kiroba iliyosafishwa. Lakini pingili zako chafu usimgawie jirani, bibi, hata akiomba kwa kusihi.

Niko Kyela. Mwanangu amerudi kutoka Mbarali na mbegu ya Saro 5, anasema tuache Supa. Huku mpunga wetu unanunuliwa kwa harufu. Nani yuko sahihi?

Baba, wote wawili mko sahihi, kila mmoja kwa maji yake. Saro 5, kwa jina la kitaalamu TXD 306, ilitolewa mwaka 2002. Ni fupi, haianguki, inachipua sana na inakomaa kabla ya Supa. Harufu inayo, ila ni hafifu. Nguvu yake yote inatokana na maji ya kuingiza na kutoa, pamoja na urea. Mbarali kwenye mifereji inang'ara. Kwenye bonde ambalo mafuriko hupanda hadi magotini inazama, na Supa ndefu inabaki kichwa juu. Ukimimina urea nyingi kwenye Supa nayo inarefuka na kulala.

Kwa hiyo jaruba mnaloweza kulifunga na kulifungulia maji lipandwe Saro: miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, kilo 4 hadi 6 za mbegu kwa ekari. Urea ekari moja kilo 50, nusu wiki tatu baada ya kupandikiza, nusu mpunga unapoanza kubeba mimba. Mbegu ichujwe kwanza kwa maji ya chumvi: koroga chumvi mpaka yai bichi lielee, mimina mbegu, zinazoelea ondoa, zilizozama suuza vizuri kwa maji safi.

Kosa la kuliogopa ni kuchanganya. Punje za Supa zilizodondoka msimu uliopita zitaota ndani ya Saro, zikomae zimechelewa, na mashineni mtapata chenga: hizi zimekauka kupita kiasi, zile bado mbichi. Mchele wenyewe utakosa jina, na jina ndilo mnaloliuza Kyela. Tengeni majaruba, tengeni maturubai ya kuanikia, tengeni hata magunia.

Ni kweli mbegu zote mpya ni za GMO? (Msomaji, Singida)

Hapana. GMO ni mmea uliobadilishwa vinasaba maabara. Chotara na aina zote tulizozitaja hapa zimepatikana kwa kuchavusha mmea kwa mmea au kwa kuchagua tu, kwa misimu mingi. Mahindi ya GMO yalijaribiwa ndani ya uzio kule Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016, na serikali ikayasitisha. Hayajaruhusiwa kulimwa na wakulima Tanzania.

Viazi lishe vya rangi ya chungwa watoto wanavigombania, mume wangu havigusi, anasema ni kama boga. Tena kiangazi kikipita mbegu imekufa. Nifanyeje? (Sengerema)

Dada, mumeo anazungumzia ukavu wa kiazi. Aina nyingi za rangi ya chungwa zina maji mengi kuliko viazi vyeupe, na mtu mzima aliyezoea kiazi kinachokaba kooni anaviona teketeke. Tafuta zilizo kavu zaidi, kama Kakamega au Ejumula, aina mbili zilizotolewa Uganda mwaka 2004. Ejumula ni tamu na kavu, lakini hushikwa upesi na virusi, kwa hiyo mbegu yake iwe safi. Pika kwa mvuke: maji kidogo chini, majani ya mgomba juu yake, kisha viazi na maganda yake. Kuvizamisha kwenye maji ndiko kunakovifanya boga. Shambani weka matuta mawili ya chungwa na mengine ya viazi vyake.

Mbegu ya kiangazi ihifadhiwe kwenye mchanga. Ukivuna chagua viazi vidogo, visivyo na tundu la fukusi wala mchubuko, kutoka mashina yasiyo na majani yaliyojikunja. Weka kwenye beseni tabaka la mchanga mkavu uliopoa, tabaka la viazi visivyogusana, mchanga tena, mpaka ujae. Liweke ndani kivulini, mbali na panya. Kila mwezi kagua, kilichooza toa. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, viazi hivyo vikiwa vimechipua vipandwe kwenye bustani ndogo karibu na maji ya kuogea, sentimita 50 kwa 50, na umwagilie kila baada ya siku tatu nne. Zungushia miiba, maana kiangazi hicho mbuzi hawaoni kijani kingine. Viazi arobaini vinakupa marando ya kutosha kuanzia mvua ya kwanza.